Nakala ya Pili Ilitoka Wapi?

Wasikilizaji wetu, risala za tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya ualbino, mmekwisha kuzisikia, na ahadi zake pia, kwa hiyo hatutazirejea. Linalotutia wasiwasi sisi ni lile lisilotamkwa jukwaani, nalo ni kwamba katika vijiji vyetu, tangu Mikumi hadi Kimamba na Rudewa, azaliwapo mtoto mwenye ualbino, baba aghalabu hunyamaza, majirani hunong'ona, na mama ndiye anayelaumiwa.

Katika wilaya hii ya Kilosa, nchi ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambako kwa mila mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, lawama hiyo hupata njia nyepesi. Ukoo hufuata mama, naam. Vinasaba havifuati ukoo. Mtoto hupokea nakala moja ya kinasaba kwa baba na moja kwa mama, wala ngozi yake haikosi rangi mpaka nakala zote mbili ziwe na ila. Wataalamu waliowachunguza Watanzania wenye ualbino, wakatangaza matokeo yao mwaka 1995, waliwakuta wengi wao wamepungukiwa na kipande kilekile cha kinasaba kiitwacho OCA2. Na kwa kuwa upungufu huohuo umeonekana hata Kameruni na Afrika Kusini, yaelekea umerithiwa kwa mhenga mmoja aliyeishi kabla wazee wetu hawajatawanyika barani, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Alikuwa mwanamume au mwanamke mhenga huyo? Hakuna ajuaye, na bado mama ndiye anayelaumiwa.

Hukadiriwa kuwa nchini mwetu mtu mmoja katika kila 1,400 ana ualbino, na hesabu hiyo maana yake ni kwamba takriban mmoja katika kila 20 ameibeba nakala yenye ila pasipo alama yoyote mwilini. Basi la Mikumi kwenda Kilosa likijaa abiria 60, huenda watatu wanayo, na pengine mmoja wao ndiye yule anayesimulia kwa sauti kisa cha mke wa jirani.

Weusi wetu nao una sababu yake: tangu wanadamu wa kale walipopoteza manyoya, chini ya jua kali la Ikweta alisalimika zaidi mwenye melanini nyingi, yaani rangi ya ngozi, na uzao wake ukaenea. Asiye nayo, akipalilia mahindi kutwa kichwa wazi, saratani ya ngozi humwandama angali kijana. Mafuta ya kuikinga ngozi na jua hutengenezwa papa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Mama aliyelaumiwa hata akafukuzwa atayafuata kwa nauli ipi?

Enyi akina baba, fuataneni na wake zenu zahanati! Masheikh, semeni Ijumaa. Wachungaji, semeni Jumapili. Makungwi, semeni ngomani: nakala ni mbili, na moja ni ya baba! Na wewe mjomba, ambaye mila imekupa usemi juu ya mtoto, ukiitwa kwenye kikao cha kumrudisha dada yako kwao, inuka umwulize shemeji yako mbele ya wazee nakala ya pili ilitoka wapi.