Watoto wetu na kazi ya uuguzi: maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu



Tumeombwa na kamati tuseme juu ya masomo ya uuguzi, kwa sababu maombi ya mkopo wa minervali yamekuwa mengi, na karibu yote yanataja kazi hiyo moja. Tunaelewa. Kule kambini, Lugufu na Nyarugusu, nesi ndiye mtu tuliyemuona kila siku. Huku kijijini ni zaidi: kituo cha afya kinaongozwa na muuguzi, ule tunamuita titulere, na watu wanamuita docta tu. Docta mwenyewe yuko mbali, ku hospitali kuu.

Tuanze na makaratasi, maana hapo ndipo watu wetu wanaumia. Wengi tulirudi na vyeti vya kambini: kupima malaria, kupima uzito wa watoto, kusaidia siku ya chanjo. Ile kazi ilikuwa ya kweli na hatuidharau. Lakini hapa cheti cha mafunzo ya miezi kadhaa hakimfanyi mtu kuwa muuguzi. Kinaweza kumsaidia kuwa relei wa jamii katika zoni ya afya, kazi ya kujitolea. Tangu sheria ya 2016 iliyoanzisha Oda ya Wauguzi, anayetaka kufanya kazi hii anapaswa kuandikwa kwenye Oda, na bila diploma haandikwi. Aliyesoma chuo cha Tanzania naye asifikiri diploma yake itapokelewa hivi hivi. Kwanza atafute ekivalansi, na ajikaze na Kifaransa.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni A2, katika shule za ITM: mtoto anaingia akiwa amemaliza miaka miwili ya sekondari, anasoma minne. Shule hizo ziko chini ya Wizara ya Afya. Ya pili ni ISTM, chini ya wizara ya masomo ya juu, kwa mwenye diploma ya Serikali. Zamani tuliita A1, miaka mitatu ya graduwa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD umeenea, na ile mitatu inaitwa lisansi. Mzazi asishangae mtoto akitaja jina jipya.

Sasa neno la mafranga. Kabla ya kulipa hata faranga moja, nendeni ku biro ya zoni ya afya muulize: hii shule inatambuliwa na Wizara? Wanafunzi wake wanafanya staji hospitali gani? Shule isiyo na hospitali ya staji, mwacheni mwenye shule aisome yeye mwenyewe.

Na tuseme wazi: diploma siyo mshahara. Muuguzi mpya anaweza kukaa miaka bila matrikule, bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali. Anakula prima ya kituo, yaani sehemu ya kile wagonjwa wanalipa. Hiyo nayo inabadilika. Mpango wa kuzaa bure ulianza Kinshasa mwaka 2023 ukaenda kwenye provensi zingine. Pale unapofika, mama halipi tena, Serikali ndiyo inalipia. Kwa wamama wetu ni jambo jema sana. Lakini malipo ya Serikali yakichelewa, prima ya muuguzi inachelewa pia.

Ndiyo maana kanuni yetu ya mkopo haifai hapa. Miezi sita inatosha kwa anayeuza samaki au mafuta ya mawese. Mwanafunzi wa miaka minne atairudisha na nini? Pendekezo letu: kasha lilipe shule moja kwa moja, muhula kwa muhula, baada ya kuona matokeo, mtoto aanze kurudisha kidogo kidogo akishapata kazi, na familia iweke mdhamini mmoja asiye wa nyumba yake. Katika kila nafasi mbili, moja iwe ya binti. Wengine watasema binti ataolewa aende. Sawa, huko atakakoenda hakuna wanaozaa?

Tutapiga kura mkutano ujao. Wenye maombi walete buletini za mtoto na karatasi ya zoni ya afya kuhusu shule. Asiye na hiyo karatasi, ombi lake halitasomwa.