Kazi ya Baraza na Fedha za Siasa: Tumpime Mwakilishi kwa Mizani Gani?

Mada ya semina kwa wananchi, waandishi wa habari na masheha, Mji Mkongwe, Zanzibar

Utangulizi



Kila baada ya miaka mitano mpiga kura wa Unguja na Pemba huchagua Mwakilishi wa kwenda Chukwani, Mbunge wa kwenda Dodoma na Diwani wa wadi yake. Mada hii inamhusu huyo wa kwanza, yaani Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, linalokaa Chukwani. Katika miaka yake mitano Mwakilishi huandikiwa hesabu mbili. Moja ni hesabu ya kazi: maswali aliyouliza, miswada aliyoichangia, hoja alizoleta, ripoti za kamati alizoshiriki. Nyingine ni hesabu ya fedha: alichochangiwa, nani alimchangia, na alikitumiaje ili apate kiti na akibakishe.

Hesabu ya kwanza anayetaka kuisoma anaipata, kwa kuwa majadiliano ya Baraza yanachapishwa katika Taarifa Rasmi. Hesabu ya pili ni nadra kumfikia mwananchi. Hoja yangu ni kwamba hesabu hizi mbili zisomwe pamoja, na zisomwe kabla ya siku ya kura. Mwakilishi tunayemjua kwa misaada yake tu hatujamjua.

1. Baraza lilikotoka na kazi iliyolileta

Zanzibar ilipata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, chini ya ukoloni wa Kiingereza, na uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wake ulifanyika mwaka 1957. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, mamlaka ya kutunga sheria yalikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi kwa takriban miaka kumi na sita. Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980, Spika akiwa Idris Abdul Wakil, ambaye mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ndiyo inayoliongoza hadi leo.

Kazi zake kubwa ni tatu: kutunga sheria, kupitisha bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai, na kuisimamia Serikali. Hii ya tatu ndiyo inayotaka ujasiri zaidi, kwani mawaziri wa Zanzibar huteuliwa kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza lenyewe. Mjumbe wa viti vya nyuma, yaani asiye waziri, anamhoji mwenzake wa chama kimoja, na pengine yeye mwenyewe anatarajia kuteuliwa kesho.

Wajumbe hawaingii Barazani kwa mlango mmoja. Wapo wa majimbo, ambayo katika uchaguzi wa 2020 yalikuwa 50. Wapo wanawake wa viti maalumu, ambao idadi yao ni asilimia 40 ya wajumbe wa majimbo. Wapo kumi wanaoteuliwa na Rais. Mzigo wa fedha wa kila kundi ni tofauti: mjumbe wa jimbo anakabili mchujo wa chama na kampeni ya jimbo zima, wa viti maalumu anakabili vikao vya chama chake, na wa kuteuliwa hapigi kampeni kabisa. Kama fedha ndizo zinazomfanya mjumbe awe hodari, wa majimbo wangekuwa mbele daima. Kama kutafuta fedha kunamlia mtu muda na uhuru, tungeliona pengo upande wao. Taarifa Rasmi za Baraza zinaweza kulijibu swali hili, na mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ana kazi nzuri inayomsubiri hapo.

2. Kazi isiyonunuliwa

Tuchukue mfano mmoja ambao kila mmoja wetu aliuona. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu wa chama cha upinzani cha CUF, walikutana Ikulu ya Zanzibar, na maridhiano yakaanza. Lakini maridhiano ya viongozi wawili hayawi sheria mpaka yapite Barazani. Mwishoni mwa Januari 2010, Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani Barazani, alileta hoja binafsi iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wajumbe wa CCM na wa CUF waliijadili na kuipitisha. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 walisema ndiyo. Agosti ya mwaka huo ikapita Marekebisho ya Kumi ya Katiba, na mfumo wa utawala wa nchi hii ukabadilika.

Hoja ile ilidai ujuzi wa sheria, kalamu, uvumilivu wa kuzungumza na wa upande wa pili, na wakati. Jezi, mabati na pikipiki za kugawa jimboni hazikuwa na kazi pale. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kudhani kwamba Mwakilishi mwenye uwezo wa fedha ndiye mwenye uwezo wa kazi. Swali la msingi halina ada, na swali la nyongeza linahitaji kuwa umesikiliza jibu la Waziri. Marekebisho ya kifungu cha mswada yanahitaji kuwa umeusoma mswada usiku wa kuamkia kikao. Kinachowapungukia wajumbe wengi Barazani ni wasaidizi wa utafiti na wa uandishi wa sheria, na fedha za kampeni haziendi huko hata kidogo.

Ni haki pia tukumbuke kwamba uhodari una gharama ya kisiasa. Mansour Yussuf Himid, Mwakilishi wa Kiembesamaki, alifukuzwa CCM mwaka 2013 kwa misimamo yake, na kwa kuwa mjumbe asiye na chama hana kiti, uchaguzi mdogo ukafanyika Februari 2014. Mwakilishi anajua kwamba chama kinaweza kumtoa hata akiwa anapendwa jimboni. Kwa hiyo tukimuona kimya, tusiharakishe kusema mvivu. Tuulize pia anamuogopa nani na anadaiwa na nani.

3. Fedha zinatoka wapi na zinakwenda wapi

Chama hupata fedha kwa ada za wanachama, michango ya hiari, miradi na ruzuku ya Serikali inayogawiwa kwa kufuata kura na viti. Harambee za vyama nazo zimekua: Agosti 2025 CCM ilifanya harambee Dar es Salaam ikiwa na lengo la shilingi bilioni 100, na jioni ile zilitangazwa fedha taslimu na ahadi zinazozidi bilioni 80. Mgombea mmoja mmoja naye hutegemea mfuko wake, jamaa zake wa hapa na wa ng'ambo, na wafanyabiashara.

Fedha hizo hutumika zaidi katika mchujo wa chama kuliko katika kampeni ya wazi. Majimbo mengi ya Unguja na ya Pemba yana chama kinachojulikana kuwa na nguvu, na hapo anayepita kwenye kura za maoni za ndani ya chama ndiye tayari Mwakilishi. Wapiga kura wa hatua hii ni wachache, wanajulikana kwa majina, na wanafikika majumbani mwao. Hapo ndipo rushwa inapopata nafasi.

Baada ya ushindi matumizi hayasiti. Mwakilishi anaombwa sanda, ada ya skuli, nauli ya mgonjwa wa hospitali ya Mnazi Mmoja, saruji ya msikiti, mpira wa timu ya mtaa, futari ya Ramadhani. Jimbo lile lile lina Mbunge, naye anaombwa hayo hayo, na wawili hao huanza kushindana kwa kutoa. Kusaidiana ni katika mila zetu na dini yetu, wala sikuja hapa kuipinga sadaka. Ninachokipinga ni kuifanya sadaka kuwa kipimo cha kazi ya umma, kwa sababu anayelazimika kutoa kila siku atalazimika pia kutafuta kila siku, na anayempa atakuwa na haja yake.

Haja hiyo hapa kwetu ina sura inayojulikana. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mwekezaji wa hoteli Nungwi, Kiwengwa au Paje huipata kwa kukodishwa. Mjumbe aliyechangiwa na mwenye maslahi katika ufukwe, kisha akakaa kwenye kamati inayoshughulikia ardhi, anakaa na deni kifuani. Huenda akatenda haki. Lakini wananchi wana haki ya kulijua deni hilo kabla hajasema neno lake la kwanza kwenye kamati.

4. Sheria tulizonazo

Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mashirika matatu ya kiraia, likiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda Mahkama Kuu, na Aprili 2006 majaji watatu walitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa vinambagua mgombea maskini. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayotaka mapato na matumizi ya uchaguzi yatolewe taarifa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa na inayompa Waziri uwezo wa kuweka viwango vya juu.

Kwa upande wetu Zanzibar ipo ZAECA, Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 1 ya 2012, na ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 4 ya 2015, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake. Upo pia Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ambao ni fedha za umma. Mwakilishi anayezindua kisima kilichochimbwa kwa fedha za Mfuko aseme hivyo. Asikihesabu katika ukarimu wake.

5. Wenzetu wanapimaje

Marekani, wanazuoni Craig Volden na Alan Wiseman wameunda kipimo kinachoufuata mswada wa kila mjumbe tangu unapowasilishwa, unapofika kwenye kamati, unapotoka humo, unapopita hadi unapokuwa sheria, huku miswada mizito ikipewa alama nyingi kuliko ya kupongezana. Kipimo hicho kilianzia kwenye Kongresi, na sasa kimepelekwa hadi mabunge ya majimbo. Nchi hiyo inaweka wazi pia michango ya wagombea, kwa hiyo raia anaweza kuziweka hesabu mbili pamoja. Inatuonya vile vile: mwaka 2013 ilifichuka kwamba wabunge wapya wa chama cha Democratic walishauriwa kutumia muda wa saa nne kila siku kuwapigia simu wachangiaji, muda unaozidi ule waliopangiwa kwa kamati na ukumbi wa Bunge. Majimbo kadhaa yameweka mipaka ya kupokea michango wakati bunge la jimbo linapokaa.

Karibu zaidi, Kenya ina Mzalendo, taasisi iliyoanza katikati ya miaka ya 2000, ambayo kila mwaka huchapisha orodha ya wabunge kwa kufuata michango yao katika kumbukumbu za Bunge. Lakini Sheria ya Kenya ya Fedha za Kampeni ya 2013 imekwama katika utekelezaji, kwa hiyo raia wa huko anaijua kazi bila ya kuzijua fedha. Tanzania Bara, Uwazi, kitengo cha shirika la Twaweza, kiliwahi kuhesabu michango ya wabunge wa mwaka 2005 hadi 2010. Hakuna sababu ya Zanzibar, yenye Baraza dogo na visiwa vinavyofikika, kushindwa na kazi hii.

Tahadhari ni moja: kuhesabu peke yake hakutoshi. Waziri hujibu maswali, hayaulizi. Kazi ya kamati ni kubwa na haionekani ukumbini. Anayesimama kila siku kupongeza hajafanya kazi kubwa kuliko aliyesimama mara moja akabadilisha kifungu. Na baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ambao CUF iliususia, Baraza lilikaa bila ya upinzani uliochaguliwa na majimbo. Mjumbe wa kipindi hicho hawezi kulinganishwa kienyeji na wa 2010.

6. Mapendekezo

Kwanza, Afisi ya Baraza itoe kila mwisho wa mwaka ukurasa mmoja kwa kila mjumbe, wenye mahudhurio, maswali, marekebisho yaliyokubaliwa, hoja na kazi za kamati.

Pili, ukurasa huo uwe na jedwali la michango ya kisiasa aliyopokea inayozidi kiwango kitakachowekwa na kanuni, pamoja na majina ya waliotoa.

Tatu, mjumbe asiendeshe harambee ya kisiasa wala asipokee michango yake wakati Baraza linapokaa, hasa katika Mkutano wa Bajeti.

Nne, mjumbe mwenye mchangiaji anayehusika na jambo lililo mbele ya kamati autangaze uhusiano huo na asipige kura.

Tano, vyama viwape wajumbe wa kura za maoni ukurasa huo kabla ya kupiga kura.

Sita, Baraza liajiri watafiti na waandishi wa sheria wa kuwasaidia wajumbe wa viti vya nyuma, ili mjumbe asiye na fedha asikose ujuzi.

Hitimisho

Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar kinatupa haki ya kupata habari, na haki isiyotumiwa hufifia. Nawaomba masheha waupokee ukurasa huo na kuubandika shehiani. Nawaomba wenye ubao wa Jaws Corner, barazani pa wafuasi wa upinzani, na wa maskani ya Kisonge Michenzani, ya wafuasi wa CCM, waubandike pia, kila upande ukimuandika na wa kwake. Waandishi wa habari, ulizeni fedha siku ile ile mnayouliza kazi. Na wewe mpiga kura, Mwakilishi akija mlangoni kwako, mpe salamu, mkaribishe, kisha muulize mambo mawili: umefanya nini Chukwani, na nani amekulipia safari ya kufika hapa? Asiyeweza kuyajibu yote mawili hastahili kura yako.