KUCHAGUA GONGO LA HOKI LIMFAALO MCHEZAJI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, kabla ya kupiga kura juu ya ununuzi wa vifaa vya michezo)



Fedha za kununulia magongo zimekwisha kuchangwa, na shauri lililo mbele yetu ni kuagiza yote ya urefu mmoja, inchi 37 na nusu, wakubwa kwa watoto, ili bei ipungue. Kwa heshima zote naomba kulipinga shauri hilo. Gongo ni kama kiatu: hupimwa mguu kwanza, ndipo kikachaguliwa.

Magongo hutengenezwa kwa urefu mbalimbali, tangu inchi 26 hivi kwa watoto wadogo hata inchi 38. Watu wazima walio wengi hutumia la inchi 36 na nusu. La inchi 37 na nusu huwafaa zaidi watu warefu, wapatao futi 5 na inchi 10 na kupita. Sheria za mchezo haziruhusu gongo lizidilo sentimita 105.

Kupima si kazi ngumu. Mchezaji na avae viatu vyake vya mchezo, asimame wima, gongo lisimamishwe ubavuni pake, kichwa chini. Ncha ya juu ikifika kwenye mfupa wa nyonga, urefu wakaribia kufaa. Kisha na ainame kama achezavyo, magoti yamekunjwa, auviringishe mpira huku na huku. Mgongo ukipinda mno, gongo ni fupi. Viwiko vikiinuka, au ncha ya mshiko ikimchoma tumboni ageuzapo gongo upande wa pili, ni refu.

Mabibi na Mabwana, hapa ndipo penye hasara kubwa. Baadhi yetu humnunulia mtoto gongo refu ili akue nalo, kama tununuavyo sare ya shule iliyo pana. Lakini sare pana haimfundishi mtoto kutembea vibaya. Gongo refu humfundisha kucheza vibaya. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto huyo atakosa mpira kila mara, ataambiwa hana kipaji, naye ataacha mchezo, kumbe kosa lilikuwa la aliyenunua.

Uzito nao utazamwe. Sheria yaruhusu hata gramu 737, lakini mengi ya siku hizi hayafiki gramu 600. Mlinzi aweza kupenda lililo zito kidogo na refu kidogo, apate kuufikia mpira na kuupiga kwa nguvu; mshambuliaji hutaka jepesi, limfuatalo mkono upesi. Zamani yalichongwa kwa mti wa mforsadi. Leo mengi ni ya nyuzi za kioo na za kaboni. Lenye kaboni nyingi ni gumu, hupiga kwa nguvu, lakini mpira huliruka upesi, na anayejifunza hushindwa kuutuliza. Lenye rangi za kung'aa lisitudanganye: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wenye kutumia mkono wa kushoto wasiagiziwe gongo la namna yao, kwa maana halimo katika sheria. Magongo yote yana uso bapa upande wa kushoto, nao hujifunza kama wenzao.

Asiwepo asemaye kuwa mambo haya ni ya wageni tu. Katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona mwaka 1971, timu ya Kenya ilishika nafasi ya nne.

Basi, naleta shauri hili: kabla ya kuagiza kitu, Katibu wa Michezo akae na utepe wa kupimia, kila mchezaji apimwe, na urefu wake uandikwe kando ya jina lake. Tukipata magongo machache kuliko tulivyotaraji, na yawe machache yatumikayo. Mengi yasiyofaa yatalala ghalani, na fedha yetu pamoja nayo.