UMEME WA JUA MAJUMBANI: TUPIME KWANZA NDIPO TUNUNUE
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shamba.)



Tumesimama hapa kwanza kujikosoa. Msimu uliopita sisi wa kamati ya mikopo tulipitisha mikopo ya umeme wa jua bila kupiga hesabu hata moja. Muuzaji alisema, mtu anayetaka kuongeza vyombo baadaye achukue kabisa inveta kubwa. Tukaitikia. Mwenzetu mmoja akapewa inveta ya wati 2,000, betri moja ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100, na paneli moja ya wati 100. Miezi minane haikwisha, betri ikafa. Mkopo bado unakatwa kwenye korosho zake, na jioni anawasha kibatari. Kosa si lake. Ni letu sisi tuliotia sahihi.

Tukalipeleka jambo hili ubaoni, darasani. Kila chombo tukaandika wati zake, tukazidisha kwa saa kinazowaka. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5, wati-saa 100. Redio ya wati 10 kwa saa 6, ni 60. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4, ni 160. Simu 4, kila moja kama 15, ni 60. Jumla 380. Ongeza robo kwa umeme unaopotea njiani, inakuwa 475, tuseme 500.

Sasa ile inveta. Kazi yake ni kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 230 kama ule wa TANESCO. Lakini yenyewe nayo inakula, hata kama hakuna kilichowashwa. Kwenye karatasi yake imeandikwa wati 20 ikikaa bure. Mara saa 24, ni wati-saa 480! Yaani mwenzetu alikuwa analisha nyumba mbili, na moja haina mtu. Paneli ya wati 100, jua likiwa zuri kwa saa 5, inaleta 500. Matumizi yanakaribia 1,000. Betri ya namna ile ukizidisha 12 kwa 100 ina wati-saa 1,200, lakini usichote zaidi ya nusu, maana ukiikausha kila usiku inaharibika. Basi haikushiba hata siku moja.

Inveta haipimwi kwa matumizi ya siku nzima. Inapimwa kwa vyombo vinavyowaka pamoja kwa wakati mmoja. Nyumba ile, televisheni na redio na simu havifiki wati 100. Inveta ya wati 300 ingetosha kabisa, na usiku inazimwa kwa swichi yake. Taa za volti 12 zinachukua moja kwa moja kwenye betri, hazina haja ya inveta. Siku friji ikija ndipo uangalie upya, kwa sababu friji ya wati 100 inapoanza kuwaka yaweza kudai mara tano au zaidi kwa nukta moja.

Jamani, kwa betri za maji tusidanganyane. Hizi haziongezwi kidogo kidogo. Ukiunga betri mpya na kuukuu, ile kuukuu inaivuta mpya nayo ichoke. Kwa hiyo idadi ya betri iamuliwe mwanzoni, ziwe za aina moja na umri mmoja. Kwa nyumba tuliyoipigia hesabu, betri moja inatosha usiku mmoja. Mbili zinakuvusha siku ya mawingu. Lakini betri mbili zataka paneli mbili za wati 150. Betri ya ampea-saa 100 inapenda kulishwa kama ampea 10, na paneli moja ya wati 150 inatoa kiasi hicho hicho. Wapo wanaorundika betri juu ya paneli moja wakidhani ndiyo akiba. Hiyo ni njaa. Betri za lithiamu unaweza kuchota hata 80 kati ya 100, ila bei yake ya kuanzia ni kubwa, na hazichanganywi na za maji.

Cha kuchukua kikubwa tangu mwanzo ni waya na kile kidhibiti cha chaji, ili paneli ziweze kuongezwa bila kubomoa. Na volti. Mnaijua tochi: betri mbili zikifuatana, 1.5 na 1.5, zinakuwa 3. Vivyo hivyo betri mbili za 12 zinakuwa 24. Mzigo wa wati 1,000 kwa volti 12 unapitisha ampea 83 kwenye waya, kwa volti 24 ni 42 tu. Anayewaza friji aanze na 24, lakini taa zake nazo ziwe za volti hiyo. Anayetaka taa, redio na televisheni abaki na 12.

Tena fyuzi ikae karibu na betri. Na betri za maji zisiwekwe chini ya kitanda, tumeziona! Zinapochaji zinatoa hewa inayoweza kulipuka.

Kuanzia sasa kamati haitatia sahihi fomu isiyo na orodha ya vyombo, wati na saa. Asiyejua kuandika aje darasani Alhamisi saa kumi jioni, tutaandika pamoja. Kuhusu mwenzetu, tunapendekeza mfuko wa ushirika umnunulie betri nyingine na ile inveta irudi ofisini. Mkutano ujao mtapiga kura, na sisi wa kamati hatutapiga.