Mwizi wa Usiku na Jua la Asubuhi



Katika Kutoka 22, mstari wa 2 na wa 3, Musa atoa sheria juu ya mwizi anayevunja nyumba. Akipigwa usiku akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiisha kuchomoza, hatia ipo. Mwizi ni yule yule, na dhambi yake ni ile ile. Kwa nini basi hukumu igeuke?

Imegeuka kwa sababu hatari imegeuka. Gizani mwenye nyumba hajui kama amejiwa na mwizi au na muuaji. Mchana anaona, majirani wapo, na mwizi aweza kukamatwa alipe. Basi ruhusa ya kujikinga haitoki katika ubaya wa mtu, bali katika hatari.

Tulipime neno hili hapa kwetu Kericho na Bomet. Mgonjwa wa akili akiwakimbilia wachuma chai na panga mkononi, hastahili adhabu yoyote. Hata hivyo ni lazima tumzuie, hata kwa nguvu, ili watu wapone. Sasa tumtazame mwizi wa ng'ombe. Nduru imepigwa, amekimbizwa, amefungwa kamba. Huyu anastahili adhabu, lakini hatari imekwisha. Rungu linalomshukia sasa si la kujikinga tena, ni la kisasi. Sheria ya Kenya nayo yamruhusu mtu kujikinga kwa nguvu za kiasi, lakini haimpi kiti cha hakimu.

Twasema upesi, "Amejitakia." Ni kweli kwamba hasara ni heri imwangukie aliyeleta hatari kuliko asiye na kosa. Lakini neno "anastahili" likiachwa peke yake halina mpaka. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani zetu katika nchi hii ya chai walifukuzwa na nyumba zao kuchomwa kwa sababu ya kabila lao. Walihesabiwa kuwa wanastahili, nao hawakuwa wamemtishia mtu.

Ndugu, mbwa wakibweka usiku wa leo, walinde watoto wako na uwaite majirani. Ukimshika mtu, mfikishe kwa chifu au polisi akiwa hai. Paulo atufundisha katika Warumi 12 kwamba kisasi ni cha Mungu. Nasi sote tunaishi kwa kuwa Mungu hakutulipa tulivyostahili.

Bwana azuie mikono yetu jua linapochomoza. Amina.