Mashine Yako ya Kuchonga Inapopotea Njia

(Muziki unashuka.)

Leo nazungumza na wewe uliyejiundia mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, ile wanayoiita CNC, kwa reli za printa mbovu na mikanda ya kuokoteza. Hapa Nakivale mimi na wenzangu watatu tunayo moja. Nitakueleza ilivyotutesa, usije ukaunguza ubao kama sisi.

Tulikuwa tunachonga ubao wa kichwani wa kitanda, mvule mtupu, kazi ya harusi ya Jumamosi. Advansi tulishaipokea na kuinunulia visu vya mashine. Ua la kwanza likatoka safi. La pili likasogea kushoto karibu sentimita moja. La tatu likapanda juu ya la pili, na ubao ukaisha hapo. Tukalaumu faili, tukaichora upya usiku kucha. Tukajaribu kwenye kipande cha mbao laini: ikasogea vilevile.

Aliyetuokoa ni dada anayeshona nguo kibanda cha pili. Alisimama mlangoni, akauliza: "Mkanda ndio unateleza, au gurudumu?" Akatoa chaki yake ya kukatia nguo, akachora mstari mmoja unaopita kwenye ncha ya shafti ya mota na kwenye puli kwa pamoja. "Haya, iendesheni." Baada ya dakika tano mstari ulikuwa umekatika: nusu huku, nusu kule. Kiskrubu kinachobana puli kililegea! Yeye amezoea mkanda wa cherehani. Sisi tulikuwa tunakodolea macho skrini.

Ukikuta hivyo, usikaze tu na kuondoka. Toa puli, piga tupa kidogo upande mmoja wa shafti upate ubapa, kisha skrubu ikae juu ya ubapa huo. Funika mota kwa kitambaa unapopiga tupa, maana unga wa chuma ukiingia ndani utakuwa umejiongezea kazi.

Sasa, kabla ya kulaumu chochote, fanya kipimo hiki. Weka alama ya penseli chini ya kisu. Amuru mashine iende milimita 100 na kurudi, mara kumi. Ikiwa haikurudi kwenye alama, kuna kinachoteleza, au mota inaruka hatua. Linganisha na mstari wa chaki. Mstari ukiwa mzima na mkanda haurukii meno, basi ni mota: punguza mwendo, punguza ukali wa kuanza na kusimama, futa vumbi la mbao kwenye reli. Sogeza kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Ikikwama mahali, ugonjwa uko hapo.

Ikiwa inarudi kwenye alama vizuri lakini haifiki 100, hilo ni jambo la hesabu. Mota nyingi hizi huzunguka kwa hatua 200. Draiva ikigawa kila hatua mara 16, ni 3,200. Puli ya meno 20 yenye mkanda wa milimita 2 kila jino husogeza milimita 40. Gawa: hatua 80 kwa milimita. Hesabu meno ya puli yako kwa kidole, usiamini ulichoambiwa sokoni.

Na duara likitoka limebonyea pale kisu kinapogeuza mwelekeo, kuna ulegevu: mkanda umelala, au nati ya skrubu ndefu imelika.

Mota ikinguruma na kutetemeka bila kuzunguka, huenda nyaya zake nne zimechanganywa. Zima umeme kwanza, tafadhali. Kuchomoa mota umeme ukiwaka huua draiva. Mimi nimeua mbili. Gusanisha nyaya mbili, zungusha shafti kwa vidole. Ikiwa ngumu kuliko mwanzo, hizo ni jozi moja. Zilizobaki ni jozi nyingine.

Tunaotumia umeme wa jua tuna letu pia. Kisu kikizama kwenye mbao ngumu, umeme hushuka na mota hupungukiwa nguvu. Sisi tumeacha kabisa kuchonga mvule jioni, betri inapochoka.

Kitanda kilifika kwa wenyewe Ijumaa saa tatu usiku. Ubao wa pili tuliuchukua kwa deni, na bado tunalipa. Dada wa cherehani alikataa pesa. Aliomba tumchongee rula ndefu ya kukatia nguo. Tumemchongea, na tumeipima mara tatu.

(Muziki unapanda.)