Mwanagenzi ni Amana Yetu

Sisi tuliokabidhiwa usimamizi wa karakana za useremala tujiulize: mwanagenzi aliyekaa kwetu mwaka mzima amejifunza nini? Mara nyingi tunamtuma chai na kumwamuru afagie vumbi la mbao, kisha tunamlaumu kwamba hajui kazi. Hiyo ni dhuluma, maana kumnyima ujuzi ni kumnyima riziki ya kesho.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwa mtu anayeifanya. Basi tumtie randa mkononi, tusimame kando yake, tumwonyeshe kosa bila kumtukana. Na akiharibu ubao, tukumbuke kwamba nasi tuliharibu nyingi, na yupo aliyetuvumilia.